Mwonjaji Asiyejua Kumeza

Nyumbani kwa Baba Kifungo, mgeni hakuachwa kiti kipate joto kabla hajategewa kitendawili. Mtegaji alikuwa Mama Kifungo, fundi cherehani, mguu mmoja uko kwenye pedali na pini amezisukumia pembeni mwa mdomo.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Anakunywa vikombe mia kwa siku, jioni anarudi na kiu yake.”

Mgeni hukuna kichwa. Hutaja mchanga, hutaja sifongo. Mmoja alimtaja shemeji yake mlevi. Mwisho hushindwa, naye Mama Kifungo huonyesha kwa kidevu yule bwana mkimya aliyekaa kwenye kochi, mkononi kikombe cha maji ya moto matupu. “Jibu lenyewe lile pale. Mume wangu.”

Baba Kifungo alikuwa mwonjaji wa kahawa kwenye ghala la wanaoiuza nje ya nchi, na huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na moja. Mama Kifungo alifika kazini kwake mara moja tu, siku mumewe alipoisahau miwani nyumbani, na aliyoyaona alikuja kuyasimulia mtaa mzima. Meza ndefu nyeupe, vikombe vimepangwa kama watoto wa shule mstarini, kila trei na namba yake. Ukutani pameandikwa KIMYA kwa herufi nyekundu, kwa sababu ulimi unaozungumza hauonji sawasawa. Maji yakimiminwa, watu wanasubiri dakika nne wakitazama saa. Kisha mumewe anapita na kijiko, anapasua ule utando wa juu, anainama ananusa, anachota, halafu: fwiiip! Anaivuta kwa nguvu hadi inatawanyika mdomo mzima. Macho anafumba. Shavu linacheza. Kidevu kinageuka kushoto, na puu, kwenye ndoo ndefu ya bati, bila kuitazama na bila kukosea. Halafu kikombe kinachofuata. Wenzake walimwita Vuta-Tema, naye hakuchukia. Angekuwa anameza, alisema, angekuwa hajalala tangu mwaka alioajiriwa.

Nyumbani kwao kahawa haikuwepo hata punje. Mwenyewe alisema hataki kukutana na kazi yake sebuleni. Ila habari za kahawa zilikuwepo tele, maana kila trei ilikuwa ya wanunuzi wa nchi fulani, na wanunuzi huandika barua.

“Trei ya Tatu wanataka chungu, nzito, kama dawa ya kikohozi,” alikuwa akisema akivua viatu. “Trei ya Saba wanataka nyepesi, chachu kidogo, kama limau limepita karibu.”

“Enhe! Na wanakunywa vipi? Wamekaa au wamesimama?”

“Barua haisemi.”

“Peke yao au na wenzao? Asubuhi au jioni?”

“Mama Kifungo, barua haisemi.”

Jambo hilo lilimkera Mama Kifungo kama uzi uliokwama kwenye sindano. Mtu anajua ulimi wa dunia nzima, lakini hajamwona hata mmoja akishika kikombe! Usiku na mchana alijiuliza hao watu wa Trei ya Saba ni akina nani, na huwa wanaongea nini.

Sasa, binti yao wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo, alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Siku moja lifti ya hospitali ilikwama naye ndani, na aliyekuja kuifungua alikuwa kijana mrefu mwenye bisibisi sikioni. Lifti ilipona siku ileile. Kijana aliendelea kuja kuikagua miezi minane. Mwisho alifika nyumbani, akategewa kitendawili, akakosa, akakaa, akasema amekuja kwa jambo la heri. Walimpenda. Kilichobaki kilikuwa mama yake, ambaye angesafiri kutoka kwao, mbali, kuja kuwaona wazazi wa binti.

“Niwaambie mapema,” Fundi Lifti alisema, akizungusha kofia yake mkononi. “Mama yangu hasemi ndiyo na hasemi hapana. Anakuja na kahawa yake na vyombo vyake. Anakaanga mbele yenu, anapika, anamimina duru tatu. Ya kwanza kali, ya pili ya kawaida, ya tatu nyepesi. Mtu akimaliza zote tatu, basi, ni ndugu. Asipomaliza, mama anaosha vikombe vyake, anashukuru vizuri sana, na hilo jambo hamtalisikia tena maishani.”

“Kwenu wote wako hivyo?” aliuliza Mama Kifungo, shingo imemrefuka.

“Duru tatu wanazo wengi. Hili la kupimia watu, sijui kwa wengine, lakini kwa mama yangu ndivyo. Dada yangu mchumba wake wa kwanza aliinuka baada ya kikombe cha pili kwenda kupokea simu. Miaka sita sasa, mama anamwita ‘yule kijana wa simu’.”

Mama Kifungo alicheka. Kisha akamtazama mumewe, na kicheko kikamkauka. Kifungo naye alikuwa anamtazama.

“Baba,” alisema binti polepole, “siku hiyo utameza. Si ndiyo?”

“Kumeza kuna nini?” alisema Baba Kifungo. “Kwani mimi mtoto?”

Wiki ile nyumba iligeuka shule ya kumeza. Mama Kifungo aliomba kahawa kwa jirani, akaichuja kwa kipande cha bitana kilichobaki kwenye suti ya mteja, akampa mumewe kikombe. Fwiiip! Macho yakafumba, shavu likacheza, na puu kwenye sinki.

“Samahani. Mara moja tena.”

Fwiiip. Puu.

“Baba Kifungo, koo lako lina kufuli?”

“Mimi natuma imeze, ulimi unakataa!” Alikuwa anajishangaa mwenyewe. “Ikishafika tu mdomoni, hii shingo inageuka. Siigeuzi mimi.”

Maji alimeza. Supu alimeza. Jumatano Kifungo alimwamuru afumbe pua kama wagonjwa wake wanaokataa dawa. Kahawa ikatokea huko huko puani. Alhamisi Mama Kifungo akatia sukari, kijiko cha kwanza, cha pili, hadi cha tano, na Baba Kifungo akakunja uso na kumeza kikombe kizima.

“Hii siyo kahawa,” alilalamika. “Hii ni pipi iliyoyeyuka.”

“Kimya! Umefaulu!” Kifungo alimkumbatia mama yake wakaruka pamoja. Sebuleni hapakukosekana bakuli la sukari tena. Liliwekwa katikati ya meza, limefunikwa kitambaa cha lesi kama bibi harusi.

Jumamosi alasiri mgeni akafika. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, viatu vimeng’arishwa, amebeba mwenyewe kapu zito na kumkatalia mwanawe asilishike. Miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya abiria, mpaka magoti yalipogoma. Kiswahili alikijua, ila alikitamka taratibu, kila neno kama analiweka mezani lisivunjike. Mama Kifungo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alisahau kumtegea mgeni kitendawili.

Walisalimiana, wakaulizana habari za safari. Kisha mgeni akakunja mikono ya gauni, akaomba jiko la mkaa. Akakaanga punje kwenye kikaango kidogo, akazungusha moshi wake kwa kila mtu ausogeze puani kwa kiganja. Baba Kifungo alinusa mara mbili, akainua nyusi. Mgeni akatwanga, akapika ndani ya chungu chenye shingo nyembamba, akamimina kutoka juu, uzi mweusi mwembamba, bila tone kuanguka nje ya vikombe. Vyenyewe vilikuwa vidogo, havina masikio.

“Sukari hii hapa, mama,” alisema Kifungo haraka, akifunua lesi.

Mgeni akalifunika bakuli kwa kiganja, kwa upole. “Asante, mwanangu. Sisi nyumbani tunatia chumvi. Kidogo tu.” Akadondosha chembe kwenye kila kikombe.

Chumvi! Wiki nzima wamefundisha sukari. Mama Kifungo alimtazama mumewe kama mtu anayetazama mtoto wake akiingia kwenye chumba cha mtihani bila kalamu. Baba Kifungo alishika kikombe kwa mikono miwili. Akainama. Fwiiip!

Mgeni alishtuka kidogo, lakini hakuchukia; pengine kwao kuvuta ni sifa. Kisha macho ya Baba Kifungo yakafumba. Shavu likacheza. Mama Kifungo akaona kidevu kinaanza safari ya kushoto, na upande ule wa kushoto, Mungu wangu, ndipo yeye mwenyewe alipoliweka kapu lake la vipande vya nguo.

Puu.

Matone ya bomba la jikoni yakahesabika. Kifungo alifunika uso kwa viganja.

“Mama,” Fundi Lifti alianza, “ni kazi yake, amezoea, siyo kwamba—”

Mama yake aliinua kidole kimoja. Mgeni alikiweka chini kikombe chake. Akachukua kitambaa, akaanza kukipangusa kifuniko cha chungu, taratibu, kama mtu anayefunga vitu vyake. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, “Ina kasoro gani?”

“Haina!” walisema watu watatu kwa pamoja.

Aliyeulizwa hakuwa mmoja wao. Bado alikuwa anasikiliza mdomo wake. “Nje imeiva, ndani bado,” alisema Baba Kifungo. “Moto ulikuwa mkali na mkono ulikuwa na haraka. Maji nayo yamechemka mapema, yakaisubiri kahawa. Ila punje zenyewe ni nzuri sana. Zimekaushwa na mtu anayejua kazi.” Kisha akageuka. “Unanikanyaga bure, Mama Kifungo. Si ameuliza?”

Mgeni aliacha kupangusa. Alimtazama yule bwana, kichwa amekiinamisha upande.

“Miaka arobaini nakaanga kahawa mbele ya watu,” alisema. “Wote wanasema tamu. Tamu, tamu, tamu. Nikaanza kufikiri ulimwengu mzima umefundishwa neno moja.” Akavuta pumzi. “Ni kweli, nilikuwa na haraka. Toka asubuhi siwezi kutulia. Huyu mwanangu ameniambia baba wa binti ameonja kahawa za nchi zote. Nikasema, leo nitaumbuka ugenini.”

“Ulikuwa unaniogopa mimi?” Baba Kifungo alijishika kifua.

“Nani mwingine? Na wewe kwa nini umetema? Kahawa mbichi kidogo haiui mtu.”

Baba Kifungo alitazama sakafu. “Mama, ukweli ni kwamba sijui kumeza.”

“Hajui kumeza!” mgeni alimaka.

“Chakula anameza,” Kifungo aliharakisha kusema. “Na maji. Siyo ugonjwa!”

Mgeni alimgeukia mwanawe, akamgeukia Kifungo, akarudi kwa Baba Kifungo. Kitu fulani kilitembea pembeni mwa mdomo wake, lakini alikizuia. “Sawa. Hii iliyotemwa siihesabu, maana haikuiva. Nitaanza upya. Lakini tatu ni tatu. Sipunguzi kwa mtu.”

Akatupa kahawa yote, akasafisha kikaango. Safari hii alimwita Baba Kifungo akae karibu na jiko. Wakainama pamoja juu ya zile punje, vichwa karibu vigongane, mgeni akitikisa, Baba Kifungo akisikiliza kwa sikio la kulia.

“Ngoja. Bado. Bado… Umesikia hiyo inavyolia? Hiyo ya kwanza, iache. Subiri ilie tena, sauti ndogo, kama mtu anavunja vijiti vya kiberiti. Haya. Sasa!”

Mgeni alizimwaga kwenye sinia, akanusa, akasema “Aa!” ya chini kwa chini. Mama Kifungo aliona kwamba ile haraka imemtoka.

Duru ya kwanza ikamiminwa. Kifungo alikuwa ameshaliondoa lile kapu la nguo, akalikumbatia mlangoni kana kwamba litatoroka. Baba Kifungo akashika kikombe. Fwiiip! Macho yakafumba. Shavu likacheza. Kidevu kikaanza kugeuka, kikatafuta kapu kushoto, hakikuliona, kikaendelea kulitafuta; mashavu yamejaa, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Mgeni anatazama. Fundi Lifti anatazama. Bomba la jikoni linadondosha. Mama Kifungo alijua kwamba kufumba na kufumbua, huyu bwana atapata pa kutemea, liwe dirisha au kiatu cha mgeni, na binti yake atabaki na stori ya lifti maisha yake yote.

“Kitendawili!” alipiga kelele.

Kuna mambo yanayomwingia mtu utotoni kabla hajajua kazi wala mshahara, nayo hukaa chini kabisa, chini ya mengine yote. Koo la Baba Kifungo likapanda, likashuka. Glu!

“Tega!” alisema.

Kisha akabaki amepanua mdomo, mtupu, akijishika shingo.

Shida ikawa kwamba Mama Kifungo hakuwa na kitendawili. Kichwa kilikuwa kitupu kama kibiringo kilichoisha uzi, na watu wanne walikuwa wanamsubiri.

“Tega basi!” alisema mgeni, akisogeza kiti. “Umeanza, umalize.”

“Nimemeza… nimemeza jicho la shati,” Mama Kifungo alishona papo hapo, “siku ya tatu likanitoka, jina likanibakia.”

Mgeni alifikiri. “Jicho la shati. Ni tundu? Siyo. Ni…”

“Kifungo!” Baba Kifungo aliruka kwenye kiti. “Ni huyu binti yetu! Alikuwa na mwaka na nusu, anatambaa chini ya cherehani. Kifungo cha koti la hakimu, mama, kikubwa hivi! Siku tatu sisi na kopo, tunachungulia, hakimu naye anakuja kila asubuhi kuulizia koti lake—”

“Baba! Mbele ya watu?”

“Waache wajue, wanaingia naye nyumbani kwao!” Akapiga funda lingine ili akoleze hadithi, akameza, akaendelea. Fundi Lifti alikuwa anacheka amejipinda. Mgeni alicheka bila sauti, mabega tu yakiruka, na bila kusema neno akamimina duru ya pili.

Mama Kifungo alielewa sasa mtego uko wapi. Kule kazini kwa mumewe kuna KIMYA ukutani. Huyu mtu asiachwe anyamaze hata sekunde. Alitafuta swali, na swali lilikuwepo, lilikuwa linamsubiri miaka thelathini na moja.

“Mwenzangu, huko melini ulikuwa unawaona watu wa kila nchi. Hebu niambie, wanakunywa kahawa wamekaa au wamesimama?”

“Mimi ndiye nilikuwa nakusanya vikombe vyumbani,” mgeni alisema, macho yakimwaka. “Uliza utakalo. Wapo wanaosimama. Anaingia, anapewa kikombe kidogo kama kofia ya panya, chungu kweli, nzito. Anapiga mara mbili, anaondoka. Hata koti havui. Na maziwa baada ya saa sita mchana ukimpa, anakutazama kama umemtukana.”

“Nzito, chungu?” Baba Kifungo aliinuka nusu. “Kama dawa ya kikohozi? Hao ni Trei ya Tatu!”

“Siwajui kwa trei.”

“Ni wao! Miaka yote najiuliza, mtu anakaaje na uchungu ule. Kumbe hakai nao! Anapita tu!” Akameza. “Na wanaotaka nyepesi, chachu kidogo?”

“Nyepesi, wanakunywa nyingi? Watu wa baridi, wapole?”

“Wananunua magunia kuliko wote.”

“Hao wanakunywa kutwa, kikombe juu ya kikombe. Wazee wao wanauma kipande cha sukari kwenye meno, kahawa inapitia hapo hapo. Na wengine, niamini, wanatumbukiza jibini ndani, halafu wanaila kwa kijiko.”

“Jibini!” Mama Kifungo alipiga makofi. “Baba Kifungo, Trei ya Saba wanatumbukiza jibini! Na barua haikusema!”

“Na Trei ya Tisa?” Baba Kifungo alikuwa ameshika goti la mgeni bila kujijua. “Wanataka isagwe kama unga wa poda, laini kabisa, kwa nini?”

“Hawachuji. Masimbi yote yanabaki chini ya kikombe. Akimaliza anakifunika kwenye kisahani, kinapoa, mwenzake anakisoma: utasafiri, utapata barua, jihadhari na mwanamke mrefu. Mimi nilikuwa navikuta vimefunikwa chumba kizima, naogopa kuviosha. Nasema, je, kama naosha bahati ya mtu?”

Hapo Mama Kifungo alisahau kumlinda mumewe. Alikuwa na maswali yake. Wanaotia barafu juu ya maziwa mazito, je, meno hayawaumi? Wanaokunywa wakitembea barabarani, je, wanamwongelesha nani? Mgeni alijibu yote. Kwao, alisema, mtu akinywa kimya wanadhani anaumwa, wanamwitia jirani. Baba Kifungo alitaja ladha, mgeni akataja watu, wakawa wanaoanisha kama wanaotafuta jozi za soksi, wakibishana, wakikatizana maneno. Kifungo aliliacha kapu, akaja kukaa sakafuni. Alikuwa ameshika mkono wa fundi wake mbele ya wazazi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkemea.

Mama Kifungo alipokuja kugutuka, mgeni alikuwa anakusanya vikombe kwenye sinia. Anafunga? Akakichungulia kikombe cha mumewe. Kilikuwa kitupu, na pale chini palikuwa na masimbi mepesi, rangi ya maji ya mchele, ya duru ya mwisho. Sakafuni pakavu. Dirisha limefungwa.

“Mkwe,” mgeni alisema.

Alilisema bila kupaza sauti, akipanga kikombe ndani ya kikombe. Kifungo aliuma kitambaa cha kichwani. Baba Kifungo alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa.

“Wewe, mkwe. Ya kwanza nimeona umeifurahia. Ya pili uliisifia. Niambie na hii ya tatu, ilikuwaje?”

Baba Kifungo alilamba midomo. Akafumba macho, shavu likacheza kidogo. Akayafumbua, akawatazama wote mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa.

“Sijui,” alisema. “Nilikuwa nazungumza.”